Joka Nililomtilia Ama Kinywani

Kosa ni langu. Si la mzungu, si la shetani, wala si la maisha magumu, maana najua mnavyopenda kuwasingizia hao watatu. Nilidanganya nikiwa na akili timamu, nimeshiba, na nimevaa koti safi la kampuni.

Jina langu msiliandike. Wa kwetu wakisoma watanijua tu, na kwao sina pa kujificha. Ninaojificha kwao ni nyinyi wengine, mnaosoma aibu za watu huku mkinywa chai na kusema "mimi nisingefanya hivyo". Mngefanya.

Mimi ni mwanamke, naongoza wageni hapa Karatu. Si wale wanaoshuka kreta ya Ngorongoro na magari. Mimi ni wa kuwatembeza vijijini kwa miguu, waone tunavyokaanga kahawa, wapige picha nyumba za udongo, waulize kama tuna furaha. Kazi hii ukiifanya miaka saba unaanza kumdharau kila mtu. Unawadharau wageni kwa kuwa wanaamini kila unachowaambia. Unawadharau wenyeji kwa kuwa wanajipanga kupigwa picha. Nilidharau pande zote mbili na nilikuwa nalala vizuri tu.

Basi akaletwa kwangu mama mmoja wa Kizungu, mtu wa makamo, mwandishi wa vitabu vya mambo yasiyokuwepo: falme za kubuni, mazimwi, malkia wanaoongea na ndege. Nitamwita Mwandishi. Siku ya kwanza tulimsimamisha ukingoni mwa Ngorongoro, pale juu wanapopigia picha. Wenzake wanahangaika na darubini kutafuta faru. Yeye anaangalia lile bonde kama fundi anayekagua kiwanja. Akasema, hapa nitauweka mji wa malkia. Nikajisemea moyoni, haya, makubwa. Kuna watu na ng'ombe wao huku wanalala hawajui kesho wataamkia wapi, huyu anagawa viwanja kwa malkia.

Njiani kurudi alinieleza kazi yake, sikumuuliza. Chuoni alisoma lugha za kale za kwao, lugha za enzi za kati, ambazo msemaji wake wa mwisho alikufa zamani mno. Watawa waliziandika kwenye ngozi za ndama. Yeye anazichambua kama unavyochambua maharage: hapa jina la zimwi, hapa jina la upanga, hapa namna watu walivyoapizana wakigombana. Halafu anatengeneza lugha ya watu wake wa kitabuni, yenye salamu zake na matusi yake.

"Wasomaji wanadhani wanavutwa na joka," aliniambia. "Joka kila mtu anaweza kulichora. Kinachofanya nchi ya uongo iaminike ni majina. Zile orodha ndefu za nani alimzaa nani, na kijito hiki kinaitwa hivi kwa ajili ya nani. Yanayochosha ndiyo ninayoyataka."

"Na wenye lugha hawakukataa?"

"Wenyewe wamekufa," akasema, akacheka. Na mimi nikacheka.

Alikuwa amechoka na barafu na ngome za kwao. Alitaka bibi mmoja wa huku amsimulie jambo la zamani kwa lugha yake, mimi nitafsiri neno kwa neno. "Hata linalochosha," alirudia. Shikeni hilo, kwa sababu baadaye nilitafuta sana namna ya kumtupia yeye lawama, nikakosa.

Nikampeleka kwa Ama.

Ama kwa Kiiraqw, lugha yetu, ni bibi. Huyu ni shangazi wa mama yangu, anaishi kijiji cha Kansay jirani na chemchemi, hana mtoto aliyebaki hai. Mama alipougua, Ama ndiye aliyenilea miaka minne. Alinifundisha kukamua, alinifundisha kusalimia watu wazima bila kubabaika. Ana kovu kidevuni, alipigwa teke na punda akiwa msichana. Na ndiye pekee aliyebaki pale anayeijua habari ya chemchemi mwanzo mpaka mwisho.

Habari yenyewe haina joka. Haina hata chura. Inasema kulikuwa na kiangazi kibaya, na watu wa nyumba mbalimbali walichimba kwa mikono na vijiti mpaka maji yakatoka, wakakubaliana kwamba anayekuja na kiu asiulizwe kabila wala ukoo. Kisha yanafuata majina ya waliochimba. Mengi. Fulani wa fulani, aliyekuja na mkewe. Fulani wa fulani, aliyekufa kabla maji hayajaonekana. Na kila jina likitajwa, waliokaa pale wanaitikia. Bila waitikiaji habari hiyo haisimuliwi, ndiyo desturi.

Siku hiyo Ama alikuwa amejifunga shuka jipya. Alikuwa ameita kina mama watatu wa jirani waje kuitikia. Maziwa ya mgando yalikuwa tayari, kwenye kibuyu alichokisugua mpaka kinang'aa. Mwandishi akawasha kinasa sauti chake, akakiweka karibu yangu ili asikie tafsiri.

Nikatafsiri jina la kwanza, la pili, la tatu. Njaa inaniuma. Mawingu yanakusanyika upande wa Mbulu na njia ile ikinyesha ni utelezi mtupu. Nikamwangalia Mwandishi, kainamisha kichwa anaandika taratibu. Nikaona huyu amechoka. Mtu kapanda ndege mbili kuja kuambiwa nani alichimba shimo na kijiti? Atarudi lojini aseme yule mwongoza wageni kanipeleka kwa kikongwe anayesoma rejista. Ndivyo nilivyowaza. Kwamba alishaniambia anachotaka, hilo halikunijia kabisa. Nilimdharau kiasi kwamba hata haja yake niliamua mimi.

Nikasema: "Anasema chini ya maji kuna joka jike."

Mwandishi akainua kichwa.

Loo, kile kichwa kilivyoinuka. Miaka saba nilikuwa naongoza wageni na hakuna aliyewahi kuniangalia vile. Nikaendelea. Nikasema joka hilo hula wazaliwa wa kwanza. Nikasema kila kizazi kuna mwanamke mmoja anayepewa maneno ya kuliita.

"Na haya anayoyasema sasa, wenzake wanaitikia, ni majina?"

"Hapana. Ndiyo maneno yenyewe. Ya kale sana, hata sisi hatujui maana yake."

"Na mwanamke wa kizazi hiki?"

Nikaelekeza kwa kidevu, kama tunavyoelekeza sisi. Kwa Ama.

Wale kina mama hawajui Kiingereza, wala Ama. Aliona tu macho ya mgeni yamejaa machozi. Akanong'ona, "Amefurahi?" Nikamjibu, "Amefurahi sana, Ama." Basi akapata nguvu. Akaanza kuongeza majina ambayo huwa anayaruka akiwa amechoka, ya wanawake waliowabebea wachimbaji uji. Aliyataja yote, na mimi kila jina nalitolea jino au mkia.

Tulipoaga, Ama alimshika Mwandishi mikono miwili akasema mwambie sasa ameshawajua wenye maji, hawezi kufa kiu huku kwetu. Nikatafsiri: "Anasema ujihadhari na maji."

Kitabu kilitoka baada ya muda, nikatumiwa nakala. Mambo yote yamo. Chemchemi imo, kovu la kidevu limo, nyumba ya Ama, baada ya kona ya tatu ya njia, imo. Majina ya wachimbaji, aliyoyaandika kwa kusikia tu hata hayatambuliki, yamepangwa kurasa mbili kama uganga. Na mwishoni Mwandishi kaandika kwamba maneno hayo hakuyabuni, ni ya kweli, aliyapokea kwa mwanamke aliye hai huko Kansay, akamshukuru mtafsiri wake kwa uaminifu. Uaminifu. Nilikizungusha kitabu hicho Karatu nzima kama mtu aliyezaa pacha. Kampuni ikaanzisha matembezi ya joka. Wageni wakawa wanashuka na kitabu mkononi, wanauliza ni wapi.

Mimi nilikuwa nawafikisha kwenye chemchemi tu, mlangoni kwa Ama siwapeleki. Nilijiona mstaarabu kwa hilo, mjinga mimi. Wenzangu hawakuwa na ustaarabu hata huo. Kijana mmoja wa kampuni nyingine alimrekodi Ama akianua mahindi uani kwake, akaweka na muziki wa kutisha, akasema kwa Kiswahili safi kwamba huyu ndiye bibi anayeita joka linalokula wazaliwa wa kwanza. Akarusha kwenye magrupu. Wiki haikuisha, Kansay yote ilikuwa nayo kwenye simu.

Mwanzoni walicheka. Kisha mkwe wa jirani yake Ama, binti aliyeolewa mwaka huo huo, mimba yake ya kwanza ikaharibika. Zahanati walimwambia ni presha. Lakini nani anamsikiliza nesi wakati kuna video? Watu walewale ambao Jumapili wako kwaya, wamevaa sare, wanaimba kwamba hawaogopi kitu, Jumatatu wanazunguka mbali wasipite ua wa bibi mwenye miaka themanini na kitu. Chumvi hawaji kuomba. Moto hawaji kuomba. Kwetu mtu asiyeombwa moto ameshatengwa, hata kama hakuna kikao kilichokaa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binamu yangu aliyekuwepo. Ulipofika wakati wa palizi Ama alipika pombe akaalika watu, ndivyo wazee wasio na watoto wanavyopata shamba lao kupaliliwa. Watu walikuja, pombe ni pombe. Lakini kabla ya kuanza kazi, Ama husimama akataja wenye maji, na watu huitikia, miaka yote iko hivyo. Akataja jina la kwanza. Kimya. Akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti zaidi. Alipotaja la pili, mama mmoja akamshika mwanawe mkono akaondoka. Wengine wakabeba majembe. Kufikia jina la nne alibaki binamu yangu na mtungi umejaa.

Ama aliendelea mpaka mwisho. Anataja, anajiitikia mwenyewe. Alipomaliza akamwambia binamu, "Kunywa basi, itachacha."

Binamu akanipigia simu. "Umesikia yanayosemwa kuhusu Ama?"

"Nimesikia."

"Yametoka wapi haya?"

"Ah, watu tu," nikasema.

Ndiyo, nilisema hivyo. Kesho yake nilikuwa na wageni sita wa joka na sikutaka maneno mengi. Na nikakaa hivyo msimu mzima. Nilijiambia litapoa, watu wa kijijini hawana kumbukumbu, watapata jambo jingine la kusema. Mpaka binamu aliponiambia wanarusha mawe kwenye bati la Ama, na kwamba Ama amehamishia kitanda upande usio na dirisha. Hapo ndipo nikapanda bodaboda.

Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji aitishe watu. Walikuja wengi, umbea unaita kuliko kanisa. Nikasimama nikasema yote. Kwamba Ama alisimulia waliochimba, na joka nimelitunga mimi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Baba mkwe wa yule binti akasimama. Mzee mpole, wala hakupandisha sauti.

"Binti yetu, tunajua Ama ni damu yako."

"Mzee, naapa mbele ya Mungu."

"Kitabu si umekiona? Kimechapwa. Mzungu katoka kwao, kasoma mpaka mvi, aje adanganye habari za Kansay ili apate nini?"

"Hakudanganya yeye. Nilimdanganya mimi."

"Kwa hiyo wewe ni mwongo."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mwongo leo tumwamini kwa lipi?"

Watu wakacheka. Nikamgeukia mmoja wa wale kina mama watatu. Nikamwambia, mama, wewe ulikuwepo, wewe uliitikia, waambie yalikuwa majina. Akaangalia kanga yake. "Niliitikia," akasema, "lakini sikujua naitikia nini." Alikuwa anajua vizuri sana. Babu yake ni jina la sita.

Miaka yote niliwadharau wale watu kwa kuamini kila kitu. Siku niliyohitaji waamini jambo moja tu, la kweli, ndiyo siku waliyojifunza kukataa.

Nikamwandikia Mwandishi. Alijibu siku hiyohiyo, barua ndefu, unaona kabisa mtu analia. Alisema ataondoa yale maandishi ya mwishoni, atatangaza, atafanya kila atakachoweza. Na akaandika, "Nilikuambia yanayochosha ndiyo ninayoyataka." Nilitamani anitukane.

Akanitumia na kile alichorekodi. Nikafurahi, nikasema sasa wamekwisha, nitawasikilizisha majina kwa sauti ya Ama mwenyewe, na waitikiaji wasikike, wakane basi. Nikaketi kitandani nikafungulia. Jina la kwanza linasikika. La pili, la tatu. Baada ya hapo ni mimi. Kile kinasa kilikuwa karibu yangu, si mnakumbuka. Ni mimi mwanzo mpaka mwisho, na ile sauti yangu tamu ya kazini, joka hivi, joka vile, na huko nyuma kwa mbali kuna bibi anayenung'unika na watu wanaoguna. Nilirudia mara nyingi. Baada ya yale matatu huwezi kutoa jina hata moja. Ukiwasikilizisha watu wale, watasema haya, si ndiyo uganga wenyewe huo.

Mawe yalipovunja chungu chake cha maji nilimleta Ama Karatu. Alifunga mlango akaondoka na ufunguo, hakumkabidhi jirani hata mmoja, maana alikuwa hana jirani. Anaishi na mimi kwenye vyumba vyangu viwili vya kupanga, nyuma ya gereji, mlio wa mashine kutwa nzima. Jioni ya kwanza nilipiga magoti nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu.

"Yule mgeni nilipomshika mikono akalia, alikuwa analilia joka?"

"Ndiyo, Ama."

Akatikisa kichwa polepole, akaomba alale.

Tangu asubuhi iliyofuata hajaniambia neno hata moja la Kiiraqw. Ananisemesha Kiswahili, kile kidogo alichookota sokoni. Dada, naomba maji. Asante, dada. Chakula kizuri, dada. Heshima tupu, kama anavyoongea na mtu wa dukani. Muuza maziwa anayetoka Mbulu akipita, wanakaa kibarazani wanapiga Kiiraqw saa nzima, anacheka mpaka anakohoa. Nikitokea mlangoni wananyamaza, ananiambia, "Karibu, dada." Kwenye nyumba yangu.

Kazi ya kuongoza wageni nimeacha. Msinipongeze, sikuacha kwa wema, nimeacha kwa kuwa kila nikifungua mdomo kutafsiri nasikia ile sauti.

Wewe kijana wa Karatu unayejua Kiingereza kidogo, unayesimama kati ya mgeni na mzazi wako, ukadhani hapo katikati ni mali yako, endelea. Nilikuwa mjanja kuliko wewe. Na nyinyi mnaoandika vitabu vya falme, mnaookota maneno ya kale huku na huku mkaunda nayo mazimwi, sawa, okoteni. Lakini kabla hujainama kuokota, hakikisha mwenyewe amekufa kweli, na si kwamba yuko mbele yako anakukaribisha maziwa. Na usimwamini mtafsiri anayekufurahisha.

Msiniandikie kunifariji. Nimeshafarijiwa na wanafiki wa kutosha.

Juzi mchana nilimfuata Ama kibarazani. Nikaketi chini miguuni pake, nikaanza kutaja wenye maji kwa Kiiraqw, yale ninayoyakumbuka. Nilifika la tano nikakwama. Nikamsubiri anikosoe, anitukane, aniongezee la sita. Aliniangalia kwa upole, kama unavyomwangalia mgeni aliyepotea njia.

"Sielewi, dada," akasema. "Sema Kiswahili."